Tufaha Lililojitembeza: Kisa cha Fruit of the Loom na Wanaume Waliovaa Matunda

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa shati, methali hii ni ya kweli kabisa. Ukilivaa shati zuri ukapita nalo barabarani, mwenzako ataliona, ataulizia ulikolipata, na mwenye kiwanda atakuwa amepata mteja wa pili bila kutoa senti. Ndivyo ilivyo kwa kiatu, kofia na gauni. Lakini iko nguo moja ambayo haiwezi kujiuza hata iwe nzuri kiasi gani, kwa sababu anayeivaa anaificha. Nguo ya ndani huvaliwa kila siku na karibu kila mtu, na ikionekana ni aibu. Nembo yake imeshonwa nyuma ya kiuno, mahali ambapo hata mwenyewe huitazama kwa nukta chache tu asubuhi, asije akaivaa nyuma mbele.

Nguo ya namna hiyo, iwe nzuri au mbaya, lazima itembezwe. Nani aitembeze, na kwa sura gani? Mwaka 1975 kampuni ya Marekani iitwayo Fruit of the Loom ilitoa jibu ambalo hadi leo watu wa matangazo hulijadili. Haikumvalisha mtu chupi ikamsimamisha mbele ya kamera. Iliwavalisha wanaume wazima mavazi ya tufaha, zabibu na jani, ikawapeleka kwenye televisheni wazungumze na familia zilizoketi sebuleni. Wakaitwa Fruit Guys, yaani jamaa wa matunda, na nusu karne baadaye Mmarekani wa kawaida bado anawatambua.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba kuchekesha kunauza. Nadhani kinasomwa juujuu. Vichekesho vimejaa kwenye matangazo, na vingi husahaulika kabla msimu haujaisha. Kilichofanya kazi hapa ni kwamba kampuni iliichukua nembo yake yenyewe, ile karatasi ndogo ya kiunoni isiyoonekana na mtu, ikaipa miguu, mikono na uso. Ili kulielewa hilo inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 100, kwenye majora ya pamba.

Tunda lilikotoka

Mwaka 1851 ndugu wawili, Benjamin na Robert Knight, waliingia katika biashara ya kufuma vitambaa vya pamba huko Warwick, jimbo la Rhode Island. Wakati huo hawakuuza nguo. Waliuza vitambaa kwa jora, na wanawake wakavinunua kwa kipimo, wakaenda kushona nyumbani. Simulizi ambayo kampuni imeitunza inasema kwamba Robert Knight alikuwa na rafiki mfanyabiashara huko Providence, Rufus Skeel, na binti wa Skeel alikuwa akichora matufaha na kuyabandika kwenye majora. Majora yenye picha ya tufaha yakawa yanatoka haraka kuliko mengine. Picha ikageuka lebo, na mwaka 1871 lebo hiyo ikasajiliwa kuwa alama ya biashara namba 418, mwaka mmoja tu baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kwanza ya kitaifa ya alama za biashara. (Sheria yenyewe ilitenguliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1879. Alama ikaishi kuliko sheria iliyoizaa.)

Jina nalo lina mizizi yake. Kwa Kiingereza limechezwa kutoka Zaburi ya 127, pale Kiswahili kinaposema "uzao wa tumbo ni thawabu". Kiingereza cha zamani kinautaja uzao huo kama tunda la tumbo (fruit of the womb), na kina Knight wakalibadilisha tumbo wakaweka mtambo wa mfumaji (loom). Ni mchezo mzuri wa maneno, na msemaji wa Kiswahili ana bahati ya kuuelewa upesi, maana sisi pia hutumia kitenzi kimoja kwa mama na kwa mwembe: wote wawili huzaa.

Hayo nayasema kwa sababu jina na picha vilitengenezwa kwa ajili ya kitambaa, si kwa ajili ya chupi. Biashara ya majora ilipofifia, watu wakizoea nguo zilizoshonwa tayari, kampuni ilianza kukodisha jina lake kwa watengenezaji wengine. Mwaka 1938 Jacob Goldfarb, mwenye kampuni ya Union Underwear, akapata leseni ya kulibandika jina hilo kwenye nguo za ndani. Hapo ndipo tufaha lilipohamia kiunoni.

Kufikia 1975, basi, kampuni ilikuwa na nembo iliyopita umri wa miaka 100, inayojulikana, na isiyo na uhusiano wowote wa wazi na bidhaa. Kuna tufaha jekundu, majani, na mashada ya zabibu za rangi mbili. Mtoto akiuliza matunda yanatafuta nini kwenye chupi ya baba yake, hakuna mtu mezani mwenye jibu fupi. Meneja mwingine angeiona hiyo kuwa kasoro, angeajiri mchoraji ampatie nembo mpya yenye mwanariadha au simba. Fruit of the Loom wakafanya kinyume. Wakayaita matunda yaje yajieleze yenyewe.

Kikwazo cha sebule

Kuna jambo la enzi ile ambalo msomaji wa leo anaweza kulisahau. Televisheni ya Marekani ya miaka ya 1970 ilikuwa na haya. Vituo vikubwa vya kitaifa havikuruhusu tangazo limwonyeshe mwanamke hai akiwa amevaa sidiria. Sidiria ilivalishwa sanamu la dukani, au mwanamke aliivaa juu ya nguo nyingine. Ni mwaka 1987 ndipo kampuni ya sidiria ya Playtex ilipoonyesha kwenye vituo hivyo mwanamke hai aliyevaa sidiria bila kitu chini yake, na likawa jambo la kuandikwa magazetini. Kwa wanaume hali haikuwa kali kiasi hicho, lakini kipimo cha aibu kilikuwa kile kile: tangazo linaingia nyumbani saa ambayo baba, mama, bibi na watoto wako mbele ya kioo kimoja.

Zaidi ya hapo, mnunuzi na mvaaji mara nyingi si mtu mmoja. Mama huwanunulia watoto. Mke humnunulia mume. Pakiti ya chupi huingia kwenye toroli la dukani pamoja na sabuni na mkate, na uamuzi huchukua muda mfupi kuliko wa kuchagua nyanya. Tangazo lililojaa mwili uliochongwa lingeongea na mvaaji anayejitamani, halafu likamwacha yule anayelipa akiangalia pembeni.

Vazi la tunda linaushinda ugumu huu kwa hatua moja. Mtu aliyevaa tufaha anaweza kutamka neno "chupi" mbele ya bibi bila mtu kuhangaika. Aibu yote imehamia kwenye vazi: macho yanahangaika na lile duara jekundu lenye miguu, na huku masikio yanapokea habari za pamba, lastiki na kupungua kwa nguo baada ya kufuliwa. Naiona hiyo kuwa heshima kwa mtazamaji. Hakudanganywa, hakutiwa aibu, na hakuambiwa kwamba mwili wake una upungufu unaoweza kuponywa na pakiti ya chupi tatu.

Uso ulioachwa wazi

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi. Maskoti wengi tunaowajua, yaani wahusika wa kuvaliwa wanaowakilisha timu au chapa, wa viwanja vya michezo na wa mbele ya maduka, wamefungwa kichwa kizima. Wana macho makubwa ya plastiki na tabasamu lisilobadilika, na mtu aliye ndani anaona nje kwa tundu la mdomoni. Maskoti wa aina hiyo anaweza kucheza, kupunga mkono na kukumbatia. Hawezi kuzungumza kwa ushawishi, kwa sababu midomo haisogei. Kwenye uwanja wenye kelele hilo si tatizo. Kwenye tangazo la televisheni la nusu dakika, ambamo lazima ueleze kwa nini chupi hii na si ile, ni tatizo kubwa.

Waliowashonea Fruit Guys mavazi waliacha uso wa mwigizaji wazi. Tufaha limezunguka mwili, zabibu ni mashada ya vibofu vya duara vilivyoshikizwa pamoja, jani limemfunika mtu tangu kichwani, lakini pale katikati kuna sura ya binadamu: nyusi, midomo, ndevu. Mikono na miguu viko huru, vimevaa nguo za kubana. Kwa uamuzi huo mmoja wa ushonaji, maskoti akawa mwigizaji. Anaweza kukunja uso, kumtupia mwenzake jicho, kunyamaza kabla ya kusema neno muhimu.

Na hapo kazi inahitaji waigizaji wa kweli. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo katika miaka ya 1970 ni F. Murray Abraham, aliyekuwa ndani ya jani. Mwaka 1985 mtu huyo huyo alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora kwa kumwigiza mtunzi wa muziki Antonio Salieri. Habari hii husimuliwa kama maajabu, kana kwamba jani lilikuwa shimo alilopanda kutoka humo. Siioni hivyo. Mtu anayeweza kukufanya umsikilize huku amevaa jani ana uwezo ambao wengi wenye suti na tai hawana. Vazi la kuchekesha halimsaidii mwigizaji dhaifu. Linamfichua. Akianza naye kucheka, akikonyeza kamera kuonyesha kwamba anajua anaonekana wa ajabu, tangazo limekufa, kwa sababu mtazamaji anabaki na mtu anayejionea haya kwa kazi yake. Linaloshika ni tufaha linaloichukulia pamba kwa uzito wote.

Niongeze neno kuhusu watu hawa, maana mara nyingi hawahesabiwi. Vazi la namna hii ni joto. Sponji na vitambaa vizito hushika hewa, taa za studio huongeza, na tangazo la sekunde 30 huchukua siku nzima kupigwa. Huwezi kuketi vizuri, huwezi kupita kila mlango, na kujifuta jasho ni kuharibu vipodozi. Anayeagiza maskoti kwa ajili ya chapa yake aanze kwa kumfikiria mtu atakayekuwa ndani: atapumua vipi, atapumzika kila baada ya muda gani, nani atamshika mkono akishuka ngazi. Uso ulioachwa wazi, pamoja na faida zake za kibiashara, ulimpa mwigizaji hewa na jina.

Kutoka kioo hadi rafuni

Sasa fuata njia ya mnunuzi. Jumanne jioni ameona wanaume wanne wa ajabu wakizungumza. Jumamosi anasukuma toroli kwenye duka kubwa la bei nafuu, kama Walmart, ambako nguo za ndani huuzwa kwa pakiti ya plastiki angavu zikiwa tatu au sita. Kwenye kila pakiti kuna kundi lile lile: tufaha, majani, zabibu. Hahitaji kukumbuka jina la kampuni wala maneno ya tangazo. Amekutana na watu anaowafahamu. Nembo iliyokuwa pambo tu sasa ni picha ya pamoja ya jamaa wale, na kila pakiti inalirudia tangazo bila malipo ya kituo chochote.

Hilo linatofautisha maskoti aliyezaliwa na nembo na maskoti aliyekodiwa. Kielelezo cha aina ya pili kipo, na ni cha zamani zaidi. Mwaka 1904, kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, kampuni ya viatu ya Brown Shoe ilinunua haki ya kumtumia Buster Brown, mtoto mtundu wa vibonzo vya magazetini aliyebuniwa na Richard Outcault. Kisha ikawaajiri watu wazima wenye kimo kifupi, ikawavika kama Buster, ikawapa kila mmoja mbwa, na kuwazungusha mji hadi mji kwenye maduka na kumbi kwa miaka mingi. Ni kampeni kubwa. Lakini Outcault aliuza haki hiyo hiyo kwa kampuni nyingine nyingi, za bidhaa za kila aina. Brown Shoe ililazimika kumwaga fedha na jasho mwaka hadi mwaka ili Buster ahusishwe na viatu na si na kitu kingine. Fruit of the Loom hawakuwa na gharama hiyo. Tufaha lao halikuwa na nyumba ya pili.

Ingawa, tuseme wazi, umiliki wao una mpaka. Kampuni iliwahi kumshtaki mfanyabiashara aliyeuza ndala zenye matunda ya plastiki na nguo za kifuani zilizopambwa hivyo hivyo, akiziita kwa majina yaliyoanza na neno "Fruit". Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, mwaka 1993, ikaikatalia kampuni. Neno tunda peke yake ni la watu wote. Kinacholindwa ni jina zima na kundi lile la matunda kama lilivyopangwa. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kampuni iliyojenga thamani yake juu ya kitu cha kawaida kiasi cha tufaha haiwezi kuwazuia wengine wasile.

Njia ambazo wengine walishika

Ili kuupima uamuzi wa 1975, tazama kampuni nyingine za nguo za ndani zilizochagua vingine. Jockey walimtumia Jim Palmer, mrushaji wa besiboli wa Baltimore Orioles, akiwa amevaa chupi zenyewe kwenye kurasa za magazeti na mabango. Hanes mwaka 1981 walimleta mkaguzi mkali, mama mwenye sauti ya mamlaka aliyeitwa Inspekta 12, anayezivuta na kuzikagua nguo kabla hazijaruhusiwa kutoka kiwandani. Mwaka 1989 wakamchukua Michael Jordan. Na Calvin Klein, mwaka 1982, akaweka juu ya Times Square, jijini New York, picha ya Tom Hintnaus, mruka kwa upondo, iliyopigwa na Bruce Weber: mwanamume, chupi nyeupe, ukuta mweupe, jua.

Bango hilo lilibadilisha biashara nzima. Ghafla jina lililokuwa limejificha nyuma ya kiuno likahamia mbele, likachapwa kwenye lastiki kwa herufi kubwa, na vijana wakaanza kuishusha suruali kidogo ili lionekane. Calvin Klein alilitatua tatizo la nguo isiyoonekana kwa kuifanya ionekane. Ni ufumbuzi wa nguvu, na sikatai kwamba ulikuwa wa kijasiri.

Hapa ndipo gharama ya tufaha inapoonekana. Chapa iliyojifunga kwenye zabibu zinazozungumza haiwezi tena kuuza tamaa. Haiwezi kupandisha bei kwa sababu ya picha. Imejiweka kwenye pakiti ya sita, kwenye toroli la familia, na huko ndiko itakakobaki. Wapo wanaoiita hiyo hasara. Nasema ni chaguo lenye bei, na bei ilijulikana. Watu wanaonunua chupi kwa sababu za zamani zimechakaa ni wengi kuliko wanaonunua ili watamaniwe, na wanastahili tangazo linalozungumza nao.

Kumbukumbu inayoongeza kitu

Kuna tukio la ajabu linaloifuata nembo hii. Watu wengi sana, Marekani na nje yake, huapa kwamba nembo ya Fruit of the Loom ilikuwa na pembe kubwa ya kusukwa nyuma ya matunda, ile pembe ya neema inayomwaga mavuno katika michoro ya kale ya Ulaya. Haijawahi kuwepo. Kampuni imekanusha, na nembo za zamani zilizohifadhiwa hazina pembe. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti kuhusu picha zinazokumbukwa vibaya na watu wengi kwa namna moja. Kati ya picha 40 walizozipima, saba zilionyesha kosa hilo la pamoja, na nembo hii ilikuwa mojawapo.

Huwa nalifikiria jambo hili nikiwatazama wale wanaume. Kwenye matangazo hakuna pembe. Matunda yamesimama kwa miguu yao, hayahitaji chombo cha kuyashika. Yeyote aliyewatazama kwa makini angekuwa na ushahidi mbele ya macho yake. Na bado akili imeiweka pembe nyuma. Ninachojifunza kutoka hapo kwa kazi ya matangazo ni kwamba mtazamaji hahifadhi picha kama ghala linavyohifadhi majora. Anahifadhi maana, "matunda mengi pamoja, ya asili, ya mavuno", kisha akiulizwa anaichora picha upya kutokana na maana hiyo. Maskoti waliishindilia maana vizuri mno, na umbo halisi la nembo likawa si muhimu tena.

Tufaha halilipi madeni

Tarehe 29 Desemba 1999 Fruit of the Loom ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Wapo wanaoandika kana kwamba chapa ilizeeka na matunda yakachosha. Rekodi haisemi hivyo. Mwekezaji Warren Buffett, ambaye kampuni yake ya Berkshire Hathaway iliinunua mwaka 2002 kwa takriban dola milioni 835, aliwaeleza wanahisa wake sababu bila kuficha. John Holland, msimamizi aliyeiongoza katika miaka yake ya neema, alistaafu mwaka 1996. Waliobaki wakaibebesha kampuni madeni, sehemu yakitumika kununua kampuni nyingine ambazo hazikuzaa kitu. Bidhaa zikachelewa kufika, gharama zikapanda, uhusiano na maduka makubwa ukaharibika. Buffett aliijua kampuni hii tangu ujana wake wa kazi: mwaka 1955 Philadelphia and Reading, iliyokuwa chini ya mwajiri wake Benjamin Graham, ndiyo iliyoinunua Union Underwear kutoka kwa Goldfarb kwa dola milioni 15. Baada ya muflisi Holland alirudishwa kazini, na Buffett alitaka abaki.

Nalisisitiza hili kwa sababu wanafunzi wa masoko hupenda kuipa picha sifa zote na lawama zote. Maskoti anaweza kumfikisha mama hadi rafuni. Rafu ikiwa tupu kwa kuwa lori halijafika, tufaha limefanya kazi yake na mama anaondoka na pakiti ya mshindani. Na ni jambo la kuangaliwa kwamba baada ya muflisi ile, mnunuzi aliyesifika kwa ubahili hakuitupa nembo. Katika miaka ya 2000 wanaume wa matunda walirudi kwenye matangazo, safari hii wakiimba.

Maskoti anaponyamaza

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo haina kicheko, na uchambuzi unaoiruka haujakamilika. Januari 2009 kiwanda cha kushona kiitwacho Jerzees de Honduras kilifungwa. Kilikuwa cha Russell, kampuni tanzu ya Fruit of the Loom, na kiliwaajiri watu wapatao 1,200 ambao walikuwa wameunda chama cha wafanyakazi. Kampuni ilisema soko limeshuka. Wafanyakazi, na wachunguzi wa haki za kazi waliofuatilia, walisema chama ndicho kilichokuwa sababu. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wakashinikiza vyuo vyao, na vyuo karibu 100 vikakatisha leseni za kuchapa majina yao kwenye nguo za Russell. Novemba mwaka huo kampuni ikakubali kufungua kiwanda kipya huko Honduras, kuwarudisha wafanyakazi kazini na kukitambua chama chao.

Katika miezi ile kumi, tufaha lingeweza kusema nini? Hakuna lolote. Huwezi kumpeleka mtu aliyevaa zabibu akajibu kwa nini watu 1,200 hawana kazi. Huo ndio upungufu mkubwa wa maskoti, na mwenye kampuni anapaswa kuujua kabla ya kumshona. Balozi wa chapa aliye binadamu, mwanariadha kwa mfano, anaweza kuulizwa na akajibu, au akajiuzulu kwa hasira. Maskoti haulizwi. Wenye kampuni wengine huuona usalama huo kuwa faida yake kubwa, kwamba hana kashfa wala hazeeki. Mimi huuona kuwa deni. Kadiri sura inayoongea na umma inavyokuwa ya upole na isiyo na hatia, ndivyo walioko nyuma yake wanavyowajibika zaidi kujitokeza wenyewe, kwa majina na nyuso zao, mambo yanapoharibika. Wale wanafunzi walilielewa hilo. Hawakupoteza muda na nembo, walikwenda moja kwa moja kwenye mikataba.

Kama ningekuwa kwenye meza ile ya 1975, ningeuunga mkono uamuzi: vazi litoke kwenye nembo, uso ubaki wazi, mwigizaji awe wa kweli, na maneno yahusu pamba. Ningeomba jambo moja liongezwe kwenye mkataba, kwamba kila linalosemwa na tufaha kuhusu nguo lipimwe kwanza kwa nguo yenyewe kwenye mashine ya kufulia. Mtoto wa miaka mitano humwamini tufaha kuliko anavyomwamini mkaguzi, na imani ya namna hiyo haichezewi.

Kila mwaka wanahisa wa Berkshire hukusanyika Omaha, jimbo la Nebraska, na kampuni zinazomilikiwa hupanga bidhaa zao kwenye ukumbi mkubwa. Banda la Fruit of the Loom huuza pakiti zake hapo hapo, na jamaa wa matunda wamekuwa wakifika wakiwa wamevaa kamili. Watu waliokuja kusikiliza habari za bima na reli hupanga foleni wapige picha nao. Wanamkumbatia tufaha, wanaishika zabibu begani. Kisha wanamtazama machoni mtu aliye ndani, kwa kuwa anaonekana, na wanamsalimu.